Kusudi Ndilo Linalokunja Vidole

Mwambie mtu anyanyue kikombe cha chai anywe, halafu mwambie anyanyue kikombe kilekile ampe mgeni. Tazama vidole vyake. Anayekunywa hupitisha kidole kwenye kishikio. Anayempa mgeni hukamata kikombe kwa juu, ukingoni, au hukibeba pamoja na kisosi chake, kishikio kikielekea kwa mgeni ili asiungue. Kikombe ni kimoja, chai ni ileile, uzito haujabadilika hata chembe. Kilichobadilika ni kusudi, na kusudi hilo limeshaingia vidoleni kabla mkono haujakifikia kikombe.

Hilo ndilo lililonifunza zaidi tangu nianze kazi ya kuitengenezea kompyuta mikono. Mimi ni mtengenezaji wa katuni za mafunzo, naishi Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya kazi yangu siku hizi ni video fupi za mazoezi ya mkono kwa watu waliopata kiharusi: kushika kikombe, kufungua kifuniko cha chupa, kukoroga uji, kufunga kifungo cha shati. Zamani kila video ya namna hiyo tuliichora wenyewe, kidole kimoja baada ya kingine, na mkono mmoja ulikula wiki nzima. Sasa unaandika sentensi, "mkono wa kulia unashika kikombe na kukipeleka mdomoni", na modeli ya akili mnemba inakutolea mwendo mzima wa mkono na kikombe, unaoweza kuuzungusha na kuutazama upande wowote. Nimezikalia modeli hizi, nimezilisha data, nimekaa na wagonjwa na wataalamu wakizitazama kazi zake. Nayaandika haya kwa ajili ya wenzangu wanaoingia kwenye fani hii, hasa wanaotaka kuifanya kwa Kiswahili na kwa vyombo vya nyumbani kwetu.

Tuanze na mkono wenyewe. Mkono wa binadamu una mifupa 27. Ndani ya kompyuta, karibu kila mradi wa aina hii hutumia mkono unaoitwa MANO, uliotolewa mwaka 2017 na Javier Romero, Dimitrios Tzionas na Michael Black wa Taasisi ya Max Planck, Ujerumani. Walipiga skani zipatazo 1,000 za mikono ya watu 31, wakapata mkono mmoja wa jumla wenye ngozi ya nukta 778. Kuukunja, unatumia namba 45: viungo 15 vya vidole, kila kimoja na namba tatu za mzunguko. Namba nyingine 10 zinaufanya uwe mnene, mwembamba, mrefu au mfupi. Kwa hiyo modeli ya kutengeneza mwendo haichori picha. Inatoa namba hizo kwa kila fremu, yaani kila picha moja ya video, pamoja na mahali kilipo chombo na namna kilivyogeuka. Zile lawama za vidole sita, tulizozizoea kwenye picha za akili mnemba, huku hazipo kabisa, kwa sababu mkono umeshajengwa na vidole vitano. Makosa ya huku ni mengine. Kidole kinazama ndani ya kikombe kama kikombe ni moshi. Kikombe kinapaa, na kati yake na kiganja kuna nafasi ya kupitisha karatasi. Au mkono unakaa vizuri kabisa kwenye kikombe, lakini mahali ambapo mtu mwenye akili zake asingeshika kwa kazi iliyotajwa.

Kosa hili la mwisho ndilo gumu, na ndilo linalonishughulisha.

Modeli nyingi za sasa ni za difyusheni. Zinaanza na namba zilizovurugika, kelele tupu kama redio isiyokamata stesheni, kisha zinazisafisha hatua kwa hatua mpaka ubaki mwendo unaoeleweka, huku sentensi uliyoandika ikiziongoza njia nzima. Mwaka 2024 zilitoka modeli mbili nilizojifunza sana kwazo, Text2HOI na DiffH2O. Text2HOI haikimbilii mwendo. Kwanza inakisia ni sehemu gani za chombo zitaguswa, yaani inachora ramani ya mguso. Ikishaipata ndipo inatengeneza mwendo, na mwishoni inaurekebisha mkono ili ukae juu ya ngozi ya chombo bila kukitoboa. DiffH2O ilikata kazi vipande viwili: kukiendea chombo mpaka kukishika, na yale yanayofuata baada ya kukishika. Ukizitazama zote mbili utaona zinakubaliana kwamba papo hapo pa kugusana ndipo kila kitu kinapoamuliwa. Tangu nilipoelewa hivyo, video ikitoka siitazami kwa mwendo wa kawaida kwanza. Naisimamisha kwenye fremu ya mguso wa kwanza, nazungusha kamera, naangalia kidole gumba kiko wapi. Gumba likiwa mahali pasipo pake, hakuna haja ya kutazama kilichobaki.

Watafiti wa mwili wa binadamu waliyajua haya kabla yetu. Katika miaka ya 1980 Mfaransa Marc Jeannerod aliupima mkono unapokiendea kitu, akaonyesha kwamba vidole vinafunguka zaidi ya upana wa kitu chenyewe, vinafikia upana wao wa juu kabisa baada ya kupita nusu ya safari, ndipo vinaanza kujifunga. David Rosenbaum, Mmarekani, aliona mhudumu wa mgahawani akiokota bilauri zilizofunikwa mezani: alizishika gumba likiwa chini, mkono ukiwa umepindwa vibaya, ili akishazigeuza kumwagia maji mkono uwe umetulia. Majaribio aliyoyachapisha na wenzake mwaka 1990 yalithibitisha kwamba watu hukubali usumbufu mwanzoni ili wamalize vizuri. Mimi naijua bilauri ile. Nyumbani kwetu bilauri zote zinafunikwa kabatini kwa sababu ya vumbi, na kila mtoto anazichukua kwa gumba chini bila kufundishwa na mtu. Modeli uliyoiambia tu "shika bilauri" haina sababu ya kupinda mkono. Iambie "chukua bilauri iliyofunikwa, igeuze, mimina maji", na kama data yake ilikuwa na haya, gumba litashuka lenyewe. Ndiyo maana naziheshimu modeli hizi zinazosikia lugha. Umbo la chombo peke yake halikuambii mkono uende wapi. Sentensi ndiyo inayobeba kusudi.

Lakini sentensi inafanya kazi pale tu data iliyofundishia modeli ilipokuwa na kusudi ndani yake. Seti ya data inayotegemewa sana ni GRAB ya mwaka 2020: watu 10, vyombo 51, mwili mzima ukifuatiliwa na kamera za infraredi kupitia vitone vidogo vilivyobandikwa mwilini na kwenye vyombo. Washiriki waliambiwa kabisa wakitumie chombo, wampe mtu, wakiinue tu, au wakihamishie mkono wa pili. Kwa mtu anayejali kusudi, hiyo ni hazina. GRAB yenyewe ilikuja na majina mafupi, chombo na tendo, na waliokuja baadaye ndio walioiandikia maelezo marefu ya kila mwendo, wakiwemo watu wa DiffH2O.

Tena kuna jambo moja kuhusu GRAB ambalo kila anayeitumia anapaswa kulibeba kichwani. Vyombo vyake vilichapishwa kwa plastiki, kwa printa ya pande tatu. Birika ni plastiki, nyundo ni plastiki, tufaha ni plastiki.

Nililiona hilo kwa macho ya mtu mwingine. Mtaalamu wa fiziotherapia tunayeshirikiana naye alikuja kutazama video ya kumimina chai. Niliipenda sana video ile. Vidole vilikaa kwenye mpini bila kupenya hata milimita, mwendo ulikuwa laini, kikombe kilijaa. Aliitazama mara ya kwanza akiwa kimya. Mara ya pili akaniomba niisimamishe birika linaponyanyuka.

"Kaka, birika hili halina chai," akasema.

Nikamuuliza amejuaje.

"Angalia kifundo cha mkono. Hakijashtuka. Birika lililojaa linakuvuta chini pale mwanzo, mkono unajikaza kwanza ndipo unainuka, na kiwiko kinakuja karibu na mbavu. Huyu amelinyanyua kwa vidole vitatu kiwiko kikiwa mbali. Mgonjwa wangu akiiga hivi nyumbani, maji ya moto yatamwagikia mapajani."

Alikuwa sahihi kwa kila neno. Modeli ilijifunza kwa watu walionyanyua plastiki tupu, ikanirudishia ilichojifunza. Hakuna kipimo kati ya vile tunavyotumia kilichoniambia hivyo, kwa sababu vipimo vyetu vinauliza maswali mengine. Kipo kinachopima ujazo wa mkono uliozama ndani ya chombo, kwa sentimita za ujazo. Kipo kinachopima kama mkono umegusa. Kipo kinachokiachia chombo ndani ya programu ya kuigiza fizikia, mvutano wa dunia ukiwa umewashwa, kikahesabu kimeshuka kiasi gani. Vyote ni muhimu na navitumia kila mara, ila kila kimoja kinaweza kuridhika huku mwendo ni mbovu. Mkono usiogusa kabisa unapata sifuri safi kwenye kupenya. Mkono uliozama unashikilia chombo imara kuliko mkono wa mtu. Na sifuri yenyewe si lengo la kweli: nyama ya ncha ya kidole hubonyea inapokandamiza kitu, ilhali ngozi ya MANO haibonyei, kwa hiyo mshiko halisi ukiuweka kwenye kompyuta utaonekana umepenya kidogo. Anayelazimisha sifuri anatengeneza mikono inayogusa vitu kwa woga.

Baada ya birika lile tulibadilisha utaratibu. Kila tendo la kubeba uzito au joto tunalirekodi wenyewe kwa simu, chombo kikiwa na kitu ndani kweli: birika la maji yaliyochemka, ndoo iliyojaa nusu, sufuria yenye ugali unaokaza. Kutoka video ya kawaida tunautoa mkono kwa HaMeR, modeli ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani, na wenzao inayosoma picha moja na kukurudishia namba za MANO. Si kazi nyepesi. Mkono unaposhika, vidole vinajificha nyuma ya chombo, na modeli inakisia kisichoonekana. Ndiyo maana tunaweka simu mbili au tatu, moja ikiwa chini kabisa, usawa wa sakafu, kwa kuwa kazi nyingi za jikoni kwetu zinafanyika umekaa.

Kukuna nazi ndiko kulikonifundisha kuhusu sentensi zenyewe. Nilisafiri hadi Tanga kumrekodi shangazi yangu, kwa sababu wagonjwa kadhaa wa Pwani walikuwa wakiuliza lini wataweza kukuna tena, na hakuna seti ya data niliyoifahamu yenye mbuzi ya nazi ndani yake. Tendo lenyewe linazivuruga modeli. Katika data nyingi kifaa ndicho kinachosogea: kisu, nyundo, mswaki. Kwenye mbuzi, kifaa kimetulia chini ya mtu aliyekikalia, ulimi wa chuma umetokeza mbele, na kinachosogea ni kizio cha nazi. Mikono yote miwili inafanya kazi kwenye kitu kimoja cha mviringo, na kila mmoja una kazi yake.

Nilikuwa nimejiandalia sentensi, "mikono miwili inashika kizio cha nazi na kukikuna kwenye mbuzi". Shangazi alipomaliza kizio cha kwanza nikamsomea.

"Hapo hujasema kitu, mwanangu," akanijibu. "Kushoto kunabeba, kulia kunazungusha. Usikibane kwa vidole, utachoka kabla ya nusu. Kiegemeze hapa," akaonyesha chini ya kiganja, pale penye nyama karibu na kifundo. "Halafu ukikaribia kifuu unalegeza. Usipolegeza machicha yanaingia weusi, na tui lako nani atalitaka?"

Nikayaandika vilevile alivyoyasema. Tuliporudi kwenye rekodi fremu kwa fremu, kila alichokisema kilikuwepo: uzito wa kizio kwenye mkono wa kushoto, mkono wa kulia ukikizungusha kidogo kila baada ya kuvuta, na kuelekea mwisho vidole vinafunguka na mapigo yanakuwa mafupi. Kulegeza kule hakukutokana na umbo la nazi wala uzito wake. Kulitokana na tui jeupe ambalo halijakamuliwa bado. Mtu wa pembeni anayetazama video na kuandika maelezo angeandika "anakuna taratibu", na modeli ingejifunza utaratibu bila sababu yake.

Tangu hapo msimamo wangu ni kwamba maelezo ayatoe anayetenda, kwa lugha yake, mara tu baada ya kutenda. Si wazo geni. Waliokusanya EPIC-KITCHENS, mkusanyiko wa video za jikoni uliotoka mwaka 2018, waliwataka wenye majiko wasimulie video zao wenyewe, kila mmoja kwa lugha aliyoimudu, Kiitaliano, Kihispania, Kigiriki. Na katika Ego4D, mkusanyiko wa saa 3,670 za video zilizopigwa kwa kamera za kuvaa katika nchi 9, Rwanda imo kupitia kampasi ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon iliyopo Kigali. Mikono ya ukanda wetu imeshaanza kuingia. Ila video zile kwa sehemu kubwa hazina mkono wa pande tatu uliopimwa kama wa GRAB, kwa hiyo kutoka Ego4D mpaka modeli inayojua kusonga ugali bado kuna kazi ya mikono mingi.

Upande wa lugha, niseme kwa kifupi. Modeli nyingi zimefungwa na kisomaji maandishi cha CLIP, yaani sehemu inayoigeuzia modeli sentensi kuwa namba, kilichofundishwa kwa Kiingereza, na ukikilisha Kiswahili kinabahatisha. Wapo wanaotafsiri maelekezo kwanza kwa mashine. Mimi naona ni bora kubadili kisomaji, kwa sababu kuna visomaji vilivyokwisha kujifunza Kiswahili, mfano XLM-R ya mwaka 2019 yenye lugha 100, kisha ukaizoesha modeli upya na maelezo yako. Ukipitia tafsiri ya mashine, maneno kama "egemeza" na "legeza" yanatoka yamepoteza makali, na hayo ndiyo yanayobeba habari za kiganja.

Namna tunavyoandika maelekezo sasa imebadilika pia. Sentensi inataja mkono upi unabeba na upi unafanya, sehemu ya chombo inayoguswa, hali ya chombo (kimejaa, kina moto, kimelowa), na kinachotakiwa kiwepo tendo likiisha. "Mkono wa kushoto unashikilia sufuria yenye ugali kwa kitambaa, mkono wa kulia unakandamiza mwiko pembeni ili madonge yasibaki." Wapo wanaolalamika kwamba ni ndefu. Nawaomba walinganishe matokeo yake na yale ya "songa ugali", gumba kwa gumba.

Suala ambalo hatujalimaliza ni la mkono wa mgonjwa mwenyewe. Data zote nilizotaja ni za mikono mizima. Baada ya kiharusi, wengi hufunga vidole lakini hawawezi kuvifungua. Ule upana anaousema Jeannerod, unaokuja kabla ya kugusa, haupatikani, na mtu anakiendea kikombe na ngumi iliyolegea nusu. Modeli ikipewa sentensi yoyote hutoa mkono mzima, kwa sababu haijaona mwingine. Kwa muda tulibishana ofisini kama mgonjwa aonyeshwe mkono mzima au mkono unaofanana na wake. Mwenzetu wa fiziotherapia anataka vyote viwili: mkono mzima kwanza, polepole, ukisimama pale vidole vinapofunguka kabisa, kisha mkono dhaifu ukisaidiwa na mwenzake kufika palepale. Huo wa kwanza tunaweza kuutoa leo. Wa pili tunaurekodi na wagonjwa waliokubali kwa hiari yao, sura zao zikiwa nje ya kamera. Kwa sasa tuko kwenye kikombe, kikiwa na uji vuguvugu ndani, na kila baada ya rekodi tunamwuliza aliyekishika atueleze mkono wake ulikuwa unatafuta nini.